Mti Uliotikisika Asubuhi Isiyo na Upepo

Mimi sikuumbwa kukaa kitako. Hadi leo ukiniweka kwenye kiti zaidi ya nusu saa miguu inaanza kuwasha, natafuta kisingizio, mara nikaangalie maji, mara nikafukuze kuku. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kukaa mbele ya kompyuta kutazama miti, waliokuwa wananijua walicheka sana.

Ndiyo, kutazama miti kwenye kompyuta. Dada yangu aliyeolewa Dirma nilipomweleza, aliniuliza kama nalala vizuri. Huko kwao tambarare ya Hanang mti ni kivuli cha ng'ombe, na kama haumpi ng'ombe kivuli ni kuni. Sikumlaumu. Hata mimi mwezi wa kwanza nilikuwa naona aibu kusema ninachofanya.

Ilikuwa miaka ile mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mchanga, baadhi ya mihuri bado inasema Arusha. Mume wangu alikuwa ameendesha mashine ya kuvuna ngano miaka mingi kwenye mashamba ya serikali. Mashamba yakaanza kuuzwa, watu wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani Endagikot na blanketi moja na boksi la spana. Mtu aliyezoea kuvuna kuanzia upeo hadi upeo, sasa anapalilia viazi nusu eka na mama yake anamkosoa. Alikonda, si kwa njaa, kwa kukosa cha kufanya. Nilimwona hivyo nikaogopa zaidi kuliko nilivyoogopa umaskini.

Ndipo akaja daktari. Si wa hospitali, wa chuo kikuu, mzee mwenye mvi na sweta lililotoboka kiwiko, ambaye kazi yake ilikuwa kujua miti inavyoyumba. Alitaka mtu mmoja asiyeogopa kwenda juu na mtu mmoja anayejua kuchapa. Mume wangu alikuwa amezoea kupanda maghala ya ngano kupaka mashine grisi. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa. Daktari akatuchukua wote wawili, mtu na mkewe, akasema hivyo ndivyo vizuri kwa sababu tutakuwa tunaelewana. Angejua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya kijiji, msitu unapoanza, tulikuwa na miti kumi na miwili iliyopewa namba, mingine mipodo, mingine miloliondo, mirefu hadi shingo inauma. Kila mti ulifungwa vidude viwili kwenye shina kwa mikanda, kimoja katikati na kimoja karibu na matawi ya juu. Daktari alitaka tuviite vihisi, nasi mbele yake tuliviita vihisi. Waya zilishuka hadi kwenye sanduku la plastiki chini ya mti, lenye betri ya gari na kadi ndogo ya kumbukumbu. Mti ukiinama hata kidogo, kidude kinajua. Ukirudi, kinajua. Mume wangu alitakiwa kupanda kila wiki kuangalia mikanda, maana shina linanenepa na mkanda unalikaba, au mkanda unalegea na kidude kinaanza kusema uongo. Akimaliza anajaza fomu kwamba amepanda mti fulani siku fulani, anatoa kadi, ananiletea. Mimi naitia kwenye kompyuta, mistari inatoka.

Daktari alinifundisha kuisoma. Kila mti una mwendo wake, alisema. Mrefu mwembamba huenda pole pole na kurudi pole pole, mfupi mnene hutetemeka haraka haraka. Mvua ikilowesha majani mti unakuwa mzito, mwendo wake unapungua. Na mtu akipanda, mti unamsikia: mstari unashtuka vijino vijino wakati anapopanda, unatulia na uzito wake pale anapofanya kazi, halafu unashtuka tena anaposhuka. Nilipenda sana sehemu hiyo. Nilikuwa nakaa mjini Mbulu kwenye chumba tulichopangiwa, naangalia mstari, najua mume wangu Jumanne saa tatu asubuhi alikuwa mti wa nne, akatulia juu muda mrefu kuliko kawaida. Jioni nikirudi namuuliza, juu ya mti wa nne ulikuwa unafanya nini? Anacheka, anasema alikuwa anatazama mbega. Alirudi kunenepa.

Halafu vijino vikatoweka.

Wiki ya kwanza nilidhani mashine ni mbovu. Wiki ya pili nilitazama fomu yake, ameandika kwa mwandiko wake mzuri ule: mti wa kwanza hadi wa kumi na mbili, mikanda safi. Nikatazama mistari, upepo unakuja, upepo unaondoka, mtu hakuna. Wiki ya tatu hivyo hivyo. Mtu haendi kazini na anasema ameenda, basi anaenda wapi? Nisiseme uongo, nilifikiria mwanamke. Nilimpitia kichwani kila mwanamke wa kuanzia kwetu hadi sokoni, nikamchagua mmoja, nikamchukia mwezi mzima bila kosa lake. Hadi leo nikikutana naye namsalimia kwa bidii kupita kiasi, naye hajui kwa nini.

Kumuuliza sikumuuliza. Niliogopa jibu. Na niliogopa daktari, kwa sababu fomu ya uongo ni mwisho wa kazi, hilo alitwambia siku ya kwanza, kwa upole lakini akirudia mara mbili. Kazi ikiisha najua mume wangu anarudi kuwa yule wa viazi, na yule sikumtaka tena nyumbani kwangu. Basi nikawa naamka naosha vyombo vilivyo safi. Nikafanya kosa la kumtania wakati wa chai. Nikasema, siku hizi umekuwa mwepesi, baba watoto, mti hata haujui kama umepanda.

Hakucheka. Aliweka kikombe, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ameshawaangalia.

Wiki iliyofuata nikafungua kadi. Mti wa tisa, asubuhi, kipima upepo kilichofungwa pale msituni kinasema hakuna hata pumzi, na mti unatikisika. Lakini si vijino vya mtu anayepanda. Unavutwa upande mmoja, unaachiwa, unayumba wenyewe hadi unatulia. Unavutwa tena. Mara tatu. Kisha mti wa kumi, mara tatu. Wa kumi na moja, mara tatu, na nafasi ya kupumzika katikati, kama mtu anayefuta jasho. Nilikaa nikitazama mistari ile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka kusimama. Mume wangu alikuwa chini ya miti anaivuta kwa kamba ili mimi, mkewe, nione kwamba imetikisika. Nilicheka hadi nikaona nalia.

Kesho yake sikwenda mjini. Nilichukua makande kwenye bakuli, nikafunga kitambaa, nikapanda msituni kama mke mwema anayempelekea mumewe chakula. Nilimkuta mti wa pili. Kamba ameirusha juu ya tawi, mguu mmoja ameukaza kwenye mzizi, anavuta kama anamtoa ng'ombe kwenye tope. Aliponiona hakuiachia. Alisimama vile vile, na mti juu yake umeinama kidogo.

Nikamwambia, "Achia basi, upumzike."

Akaachia. Tukasikia matawi yanarudi.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Mti."

Akakaa chini. Nilimpa makande, akala, kwa sababu mtu wa kwetu hata akiwa na aibu chakula cha mkewe hakikatai. Akanieleza akitazama bakuli. Siku ile ya upepo mkubwa, ile iliyong'oa mabati ya shule, alikuwa juu ya mti wa tano. Mti uliokuwa jirani ukang'oka mizizi ukapita mbele yake ukienda chini, ukakwangua ule wake, naye akabaki ananing'inia, anapelekwa huku anarudishwa huku, hajui kama mti wake nao unaenda au unabaki. Alishuka baada ya saa nzima. Akaja nyumbani, akala, akalala, hakusema neno. Na tangu siku ile, akifika tawi la kwanza mikono inakufa. Ndivyo alivyosema, inakufa, akanionyesha viganja vyake kama ushahidi.

Nilikasirika. Ningependa kusema nilimhurumia, na huruma ilikuja, ila hasira ilitangulia. "Mwezi mzima," nikamwambia, "mwezi mzima nakutafutia mwanamke. Ungesema tu unaogopa."

"Nikwambie mimi? Halafu watoto wasikie, mama asikie?" Akafuta bakuli kwa kidole. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Kule kwenye ngano walinitoa bila kosa. Huku nitoke kwa kosa langu?"

Nimeshasema sikuumbwa kukaa kitako. Nikamwambia, leta huo mkanda wa kupandia.

Alikataa, nikakaza. Nilipokuwa nachunga ng'ombe wa baba nilipanda miti kuliko kaka zangu, na nilichapwa kwa hilo mara nyingi kiasi kwamba hata viboko nilivizoea. Alikataa tena. Nikamuuliza anataka nini, mikanda ianze kukaba miti na daktari aje aone mwenyewe? Akanifunga. Alinifunga vizuri, akarudia kila fundo mara mbili. Kamba ilipita juu ya tawi nene, ncha moja kiunoni kwangu, nyingine mikononi mwake. Nikainua sketi, ndani nimevaa suruali yake ya zamani ya kazi, maana nilikuwa nimekuja nimejiandaa, sikumficha. Nikapanda.

Juu huko ni dunia nyingine na siyo nzuri kama watu wanavyofikiri. Mti mzima unasogea. Ukiwa chini unaona umesimama kama nguzo, ukiukumbatia juu unausikia unakupeleka na kukurudisha, taratibu, haukuulizi. Niliung'ang'ania hadi shavu likachubuka. Nikakaza mkanda, nikashuka, nikasema si kitu. Tukaenda mti wa tatu.

Basi tukaishi hivyo. Siku mbili za wiki nilipanda miti, siku zilizobaki nilikaa mjini nachapa mistari ya miti niliyopanda mwenyewe. Fomu zilijazwa jina lake. Mama mkwe aliuliza suruali ile inachafukaje wakati mwenyewe haivai, nikamwambia naifua vibaya. Kila pikipiki iliyosimama nje ya chumba changu nilidhani ni daktari. Nilikuwa siwezi kula, siwezi kusali vizuri, nasali huku nasikiliza mlango. Wala sikuogopa kuanguka kama nilivyoogopa kukamatwa. Na sikuogopa kukamatwa kwa ajili yangu. Kama daktari akijua, kijiji kitajua, na mume wangu ataitwa mtu aliyejificha nyuma ya sketi ya mkewe. Najua watu wetu. Wangemsema kwenye mashine ya kusaga, wangemsema kanisani wakitoka.

Siku moja simu ya mkononi ikalia, ile ya mradi, iliyokuwa inashika mtandao ukisimama karibu na dirisha tu. Daktari. Baada ya salamu ndefu za nyumbani, mifugo na mvua, akasema, "Mama, nimeangalia zile kadi chache za mwezi huu ulizonitumia. Fundi wetu amepungua sana. Miti inambeba kama hayupo. Anaumwa?"

Jamani. Mti umenipima uzito ukanisemea. Nikajibu jambo la kwanza lililofika mdomoni, "Ndiyo mzee, alikuwa na malaria kali. Anaendelea vizuri."

"Pole sana," akasema. "Mpe pole nyingi."

Nikakata simu, nikajipongeza. Ona ujinga wangu. Mwanamke mzima, nimezaliwa Mbulu, nimekulia Mbulu, nimesahau kwamba kwetu ukisema mtu anaumwa hujafunga mazungumzo, umeita wageni. Mgonjwa anatembelewa. Na daktari alikuwa mtu wa watu, hata kama hakuwa wa kabila letu.

Alikuja siku ya tatu, bila taarifa, na sukari kilo mbili na sabuni. Akapitia kwa mwenyekiti wa kitongoji kama ilivyo adabu, mwenyekiti akamsindikiza hadi nyumbani kwetu kumjulia hali mgonjwa. Wakamkuta mama mkwe. Mama mkwe akasema, mgonjwa gani? Wameenda msituni wote wawili tangu asubuhi, wanaacha watoto na mimi. Hayo yote nilisimuliwa baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa juu ya mti wa tisa, kwenye kidude cha juu kabisa, mkanda wake wa zamani nimeshaufungua na mpya sijaukaza, naning'inia kwa kiuno.

Nikasikia kikohozi cha mwenyekiti. Anakohoa vibaya, ungemjua popote. Nikatazama chini kupitia majani nikaona mvi za daktari zinapanda njia. Hakuna pa kujificha juu ya mti. Nikaukumbatia, nikafumba macho, halafu nikayafumbua kwa sababu nisingeweza kusikia bila kuona.

Mume wangu alikuwa na kamba yangu mikononi, imezunguka mgongo wake. Akawaona. Kamba ikanikaza kiunoni.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba, marahaba. Mgonjwa wetu." Na daktari akanyoosha mkono.

Kwetu mzee akikunyooshea mkono huutazami. Unaacha jembe, unaacha mzigo, unaupokea kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Nimeona mtu akitua gunia la mahindi njiani ili apokee mkono wa mzee. Mkono wa daktari ulikaa hewani. Mume wangu alisimama, amekaza kamba, hausogelei.

Mwenyekiti akadhani hajaona. "Mpe mzee mkono, wewe vipi?"

"Siwezi," akasema mume wangu.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kuachia. Nimemshika mtu."

Wakatazama juu wote wawili. Niliona nyuso zao ndogo kama sahani. Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na uongo tayari, ninao siku zote, ningesema nimepanda leo tu kwa sababu ya malaria yake, wangeamini. Nilifungua mdomo.

Yeye akaniwahi. "Ni mama watoto. Anapanda yeye, siku nyingi sasa. Mimi siumwi. Mimi naogopa."

Alilisema neno lile bila kulipunguza sauti, mbele ya mwenyekiti ambaye sote tulijua fika jioni atalipeleka kila nyumba, mbele ya mzee aliyekuwa anaweza kumfukuza pale pale. Mwenyekiti akacheka kicheko kimoja kifupi, akaona hacheki naye mtu, akakohoa. Daktari aliushusha mkono wake polepole. Akauweka mfukoni. Mbega wakalia upande wa pili.

Kijiji kilimcheka, ndiyo, msimu mzima. Fomu nazo zilibadilishwa, sehemu ya mpandaji likawa jina langu, na ya mshika kamba likawa lake, na kazi tuliifanya hadi mradi ulipokwisha. Lakini hayo yalikuja baadaye na pale juu sikuyajua. Nilichojua ni kwamba mume wangu ametoa kitu alichokuwa anakificha kuliko roho yake, na amekitoa kwa sababu asingeweza kuachia kamba hata kidogo, hata kwa adabu. Nililia nimeukumbatia mti wa watu. Sikujali kidude kinaandika nini.

Daktari akaita kutoka chini, sauti yake ya kazi, "Mama, mkanda umekaza?"

"Bado mzee."

"Kaza. Tunakusubiri."

Nikaukaza. Nikashuka, mkono baada ya mkono, na kamba ikinifuata bila kulegea, bila kunivuta. Viatu vyangu vikagusa majani makavu. Wazee wawili wamesimama pale wanasubiri salamu, na mimi nimevaa suruali ya mwanaume, sijui niangalie wapi. Nikamwambia mume wangu kwa sauti ya chini, nimefika, achia umpe mzee mkono.

"Subiri kwanza," akasema, "ukanyage vizuri."